Wino Hauruhusiwi Humu

Karani wa nyaraka, Norwich, amelisoma jina langu mara mbili:
Mwanaidi Thirkettle.
Nusu ya kwanza aliitafuna polepole,
nusu ya pili akaimeza bila maji.
"Penseli tu," akasema. "Wino hauruhusiwi humu."

Bibi yangu wa Pangani, mzaa mama,
hutaja mababu saba huku akichambua mchele,
wala hakosei, wala chuya haimponyoki.
Mimi, kwa upande wa baba, nina kadi ya msomaji,
mto wa sponji wa kukilaza kitabu,
na nyoka wa kitambaa aliyejazwa risasi
ili kurasa zisijifunge kabla sijamaliza.

Haya, Ambrose. Nimekuja.
Kutwa nzima ya kwanza sikukusoma:
s yako imerefuka ikajifanya f,
na watakatifu wako wote wakawa na kigugumizi.

Naandika. Alizaliwa 1718, au 1719; vitabu haviafikiani.
Mwana wa John, mshona matandiko ya farasi.
Cambridge alisoma kwa kuwapakulia wenziwe wenye pesa,
akala walichobakiza.
Shemasi, miaka ishirini na mitatu.
Kisha miaka minane ya usaidizi: parokia tatu, farasi mmoja,
pauni thelathini kwa mwaka
na matope ya Norfolk yasiyoheshimu kanzu.
Kisha Hallingthorpe, 1749. Kanisa la mawe ya gumegume, mnara wa mviringo,
na zaka ya kumi iliyomchukiza kwa watu:
mganda wa kumi, mwanakondoo wa kumi, yai la kumi la bata bukini.
Mkulima mmoja, Gathercole, alimwandikia askofu
kwamba kasisi wao huhesabu mayai vizuri kuliko roho.
Nikacheka kwa sauti. Karani akainua kichwa.

Waliokutangulia waliandika kina baba peke yao.
Mwandiko wako unapoanza, kina mama wanaingia kitabuni:
Thomasin, Bridget, Susan wa kinuni.
Sijaona sheria iliyokuamuru.

Septemba 1752: baada ya tarehe mbili, kumi na nne.
Nikadhani uliugua.
Kumbe Bunge lilibadili kalenda, siku kumi na moja zikafutwa,
na katika siku hizo hakufa mtu Uingereza nzima.

Novemba haina Bunge la kuieleza.
"Keziah, binti wa Ambrose na Lettice, amezikwa."
Maneno yale yale uliyowapa watoto wa wachunga kondoo,
bila "mpendwa", bila umri.
Kisha mwandiko si wako. Wiki sita
mtu mwingine, mwenye mkono mzito, anazika watu kwa tahajia mbovu.
Unarudi siku ya Krismasi. S zako zimefupika.

Wasia: miwani kwa dada yako.
Farasi jike kwa Gathercole, sababu haikutajwa.
Mahubiri, mia nne na kumi na mawili, yachomwe.
Yakachomwa. Ndio ukoo wetu,
hutii siku ambayo ingefaa kukaidi.
Kwa hiyo sijui ulimwambia nani nini kuhusu Mungu.

Jumamosi nilipanda basi hadi Hallingthorpe.
Umelala sakafuni, ukuta wa kaskazini, chini ya meza.
Miguu ya watu imelila jina, limebaki KETTLE,
ambalo kwa lugha yao ni birika,
na juu ya meza, wallahi, birika lilikuwa linachemka.
Mama mmoja akanimiminia chai, akaniuliza kama nimepotea.
Nikamwambia bado kidogo.

Usiku nikampigia Bibi, nikamsomea yote.
Alisikiliza mpaka mwisho; niliusikia ungo ukipepeta.
"Mama yake nani?"
Nikapekua. Mwana wa John, mshona matandiko. Basi.
"We Mwanaidi. Mtu hazaliwi na tandiko.
Rudi huko."

Nimechonga penseli.