Pumzi Inakopotelea

Kwenye tambarare haikuwa na neno.
Ilikula ngano, ikatema makapi, geji zote zimetulia.
Lakini tulipoupanda ule mwinuko wa makaburi ya Wajerumani,
tangi likiwa nusu tu,
kombaini ilianza kuhema.
Mlio ulishuka kama sauti ya mtu anayejibu kwa adabu huku amechukia,
moshi mweusi ukatanda nyuma yetu,
na sindano ya presha, iliyozoea kugusa moja na nusu,
ikakwama kwenye nukta nane.
Ikakaa hapo.

"Turbo imekufa," nikasema redioni.
Nilisema haraka. Asemaye haraka
huwa ameshachagua nani asilaumiwe.

Raushan Tilekova alikuja na gari la kijivu lisilo na mlango wa nyuma,
ndoo, sabuni ya vyombo,
na kopo la nyanya alilolitoboa kitako akapachika vali ya tairi.
Meneja alikuwa ameshapiga simu Kostanai:
turbo mpya, siku tisa, na bei
aliyoitamka mara moja tu, kisha akavua kofia.
Theluji, kwa utabiri, siku kumi na moja.
Hekta mia sita bado zimesimama.

Alifungua filta, akaipiga ubavuni kwa kiganja.
Akapitisha vidole kwenye maungio ya bomba la moshi
akitafuta masizi. Hapana.
Ndipo akafungua koo la turbo, akashika ncha ya shafti,
akaisukuma, akaivuta.
"Tia kidole," akaniambia.
Gurudumu dogo, mabawa membamba kama ukucha,
likazunguka bila kugusa ukuta,
likaendelea kuzunguka baada ya mimi kuliacha.
"Huyu ni mzima. Anapuliza.
Swali ni anampulizia nani."

Kopo la nyanya likaziba mdomo wa bomba, klampu ikakazwa,
kompresa ikanguruma.
Kidogo tu, alisema, presha ya mpira wa watoto.
Akachovya brashi, akapaka povu kila ungio,
kona ya kwanza, kona ya pili.
Povu lililala, likapasuka lenyewe kwa upepo.
Nasema ukweli: nilitumaini asione kitu.

Kisha akalala kifudifudi juu ya injini,
mkono ukazama hadi begani nyuma ya kipoza hewa,
mahali brashi isipofika,
akaukandamiza mpira kwa upande
jinsi unavyojikunja mashine inapotikisika.
Tukausikia sote.
Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama msonyo
wa mtu aliye chumba cha pili.

Mpasuko wa urefu wa punje tatu za ngano:
ukiutazama umefumba,
ukiusukuma unafumbua.
Na juu yake, ncha ya waya.

Waya huo naujua.
Niliufunga mwaka jana, Agosti, saa nane usiku.
Bomba la dizeli lilikuwa linapigapiga,
na mimi nilikuwa na waya wa robota na usingizi.
Mafundo mawili. Ncha nitaikata kesho, nilisema.
Kesho ile imeusaga mpira saa mia saba za injini,
nami nimeketi mita chache mbele yake
nikisikiliza matokeo ya kandanda.
Kikulacho. Mwisho wake mnaujua.

Raushan alitoa koleo, akakata mafundo yote mawili.
Alinitazama? Sijui. Nilikuwa natazama ndoo.
"Mpira huu upo stoo," alimwambia meneja.
"Saa moja na nusu. Turbo usiagize."
Meneja akauliza chanzo.
Nilifungua mdomo. Ukaingia upepo tu.
"Mtikisiko," akasema yeye,
akavitia vile vipande vya waya mfukoni mwa koti,
pamoja na funguo zake.

Jioni tuliupanda mwinuko ule ule, tangi limejaa pomoni.
Sindano ikapanda, ikapanda, ikagusa moja na nusu.
Makaburi yakapita kushoto, meupe, bila moshi.
Nilipofika juu nikachukua redio.
Nikabonyeza kitufe, nikakiachia. Nikabonyeza tena.
"Meneja," nikasema, "kuhusu ule mtikisiko."