Poda Namba Nne

Chumba changu hakina dirisha.
Kina kioo, taa kumi na mbili, kiyoyozi kinachokohoa,
na kiti kimoja kirefu ambacho kila anayekikalia
hunyoosha shingo kama kuku aliyekwisha kusikia bismillahi.

Nje ni Al Khuwair, lami inanata viatuni.
Ndani ni saa kumi na moja jioni, na Ghalya binti Hilal
ana miaka kumi na tisa na chunusi tatu kidevuni.
Namjua kwa kidevu. Ndiyo kazi yangu.

Ramadhani alicheza nesi, tamthilia ya kila usiku;
Maskati nzima ililia alipomfumba macho mgonjwa wake.
Idi haijaisha, gazeti likatoa uso wake ukurasa mzima,
mishale myekundu kila upande:
huu wa pua, huu wa mkono ulionenepa,
huu wa nyusi, ati zimekaa kama koma mbili zisizo na sentensi.
Aliyeandika hivyo alijiona fundi.

Usiku luninga ikaandaa meza.
Wanne wameketi, kahawa ya iliki, halua ya zafarani,
wakala.
Sisemi halua.
Sisi tulifundishwa chuoni, tungali na meno ya utoto,
nyama ya nduguyo hailiwi, hata ikipikwa vizuri namna gani.
Hawa wana kisu cha fedha, na mdhamini,
na kila kipande kikishuka kooni watazamaji wanaombwa kura:
apunguze pua, au asipunguze?

Kura!

Mwaka jana mtoto wa dada yangu, shule ya Mabela,
alimwita mwenziwe ngamia kwa sababu ya midomo.
Wakamwita ofisini. Wakamwita na mamake.
Akaandika karatasi mbili za kuomba radhi, makamasi yanamtoka.
Uonevu, alisema mwalimu mkuu, na neno likakaa mahali pake.
Basi neno hilo huishia umri gani?
Mtu mzima akifunga kilemba, akawashiwa taa,
akasema ngamia kwa Kiarabu fasaha,
linageuka maoni.

Bibi yake Ghalya, mzaliwa wa Wete,
gazeti lile hulifungia maganda ya kamba.
Lakini ukurasa ule aliukata kwanza.
Akakaa nao jikoni, akaikwangua mishale kwa ncha ya kisu,
mmoja mmoja, taratibu,
mpaka karatasi ikatoboka puani.

Na mimi?
Ngoja nishushe pumzi.
Wiki moja kabla ya Idi ilikuja simu. Sauti tamu, ya kiume,
inajua jina langu, inajua nilimpamba bibi harusi gani mwaka gani,
ikanisifu weee, mpaka nikakaa vizuri kitini.
Kisha: Bi Zuwena, yule mtoto unampaka namba ngapi?
Nikacheka. Nilikuwa nimechoka, na sifa ni sukari.
Nikasema: nne, tena mara mbili, kama kupaka ukuta chokaa.
Mzaha. Mzaha wa chumba kisicho na dirisha.
Ukatoka kwa herufi nene chini ya picha:
"Kama ukuta," asema aliye karibu naye.

Aliye karibu naye.
Kweli, hakuna aliye karibu zaidi. Pumzi yake naisikia kwenye kifundo cha mkono.

Leo kaja na kope zilizovimba. Maji hakuyagusa.
Nimechanganya poda nyuma ya kiganja,
rangi ya chai ya maziwa iliyokaa.
Brashi inapita puani, pua ya babu yake, imenyooka, haina kosa lolote,
naye ananitazama; si mimi hasa, yule wa kiooni.

"Bi Zuwena, ni nani aliyewaambia?"

Taa kumi na mbili.
Kiyoyozi kikakohoa.

"Fumba macho, mwanangu," nikasema.

Akafumba.