Kioo Chini ya Unyayo

Sikutaka kuvua soksi.
Nilisema: binti, mimi nimekuja kwa ajili ya sukari,
nitoboe kidole cha mkono, niandikie dawa,
nirudi Katuba kabla jua halijawa kali.
Masengo hakujibu. Alivuta kigoda,
akakaa chini kuliko mimi,
akapakata kisigino changu
kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

Miaka ishirini na tisa mguu huu
ulisimama mbele ya tanuru la shaba,
ndani ya buti lenye pua ya chuma.
Kampuni ilihesabu saa zangu, ilihesabu magunia ya unga,
mguu haikuuhesabu.
Hata mimi. Nani huujulia mguu hali?
Unaufunga kamba alfajiri, unaufungua usiku,
basi.

Alinigusa kwa uzi mgumu,
mwembamba kama mwiba wa dagaa.
"Unasikia?"
"Nasikia."
"Hapa?"
Nilidanganya.
"Fumba macho kwanza. Hapa?"
Nje, kijana wa kupaka kucha rangi
aligonga vichupa vyake, ti-ti-ti,
mama wa karanga alimtukana mtu wa pikipiki.
Hivyo vyote nilivisikia.
Uzi sikuusikia.

Ndipo akachukua kioo,
kile cha kunyolea ndevu, chenye ufa,
akakishika chini ya unyayo wangu.
Nina miaka sitini na nane. Sura ile sikuijua:
sugu ya manjano, pana kama sarafu ya zamani,
na katikati yake kitone cheusi,
chembe ya ule mlima wa taka za shaba
ninaopita kila Jumapili nikienda kanisani.
Imelala humo, hajui mtu tangu lini,
na nyama pembeni yake imeanza kulowa.

"Uliikata sugu kwa wembe," alisema.
Nilikiri. Nikangoja ukali.
Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.
Yeye aliniambia pole.

Kisu chake kidogo kilikwenda taratibu,
kama cha mama anayemenya muhogo wa mwisho nyumbani.
Chembe ikaanguka kwenye sahani. Ka!
Hiyo nilisikia, kwa masikio.

Nilimkumbuka Kabange wa barabara ya pili:
lengelenge la kiatu cha arusi,
akalifunika kwa plasta, akalifunika kwa soksi,
akalifunika kwa "si kitu".
Leo suruali yake, upande mmoja, imekunjwa na kubanwa kwa pini.

Mwaka ule wa risasi nilikimbia toka mjini hadi Katuba
bila kugeuka. Mguu niponye,
na mguu ukaniponya, haukudai hata posho.
Kumbe nao, siku nyingi,
ulikuwa ukiniambia neno lilelile.

Sasa jioni ni maji ya vuguvugu.
Mke wangu Kibawa huyapima kwa kiwiko,
anasema mguu wangu ni shahidi wa uongo.
Katikati ya vidole napafuta, kimoja kimoja.
Viatu navikung'uta kabla ya kuvaa:
juzi ilitoka punje ya mahindi,
jana msumari.
Na kwa kuwa macho yangu yamechoka,
mjukuu hunisomea unyayo kama daftari:
"Hapa pazima. Hapa pazima.
Hapa, babu, pana wekundu kidogo."

Hatubishani naye.
Kesho, kabla ya chai, twende kwa Masengo.