Ankara Mbili

Jumatano. Wanawake wa Ibra wako sokoni kwao,
wanapimiana vitambaa, wanabishania bei ya udi.
Mimi nimeketi ghorofa ya pili, kiyoyozi chanipumulia kisogoni,
nanunua vitabu nisivyoweza kuvishika.

Mezani kuna ankara mbili.
Ya kwanza ni ya makasha kumi na manne yaliyolala gatini Sohar
Julai nzima, hata gundi ikalainika kama ubani mdomoni:
sheria, sarufi, visima, ufugaji wa nyuki.
Ya pili haina kasha wala kamba wala uzito.
Majarida elfu tatu na mia sita, mwaka mmoja.
"Haki ya kusoma," wameandika.
Mama yangu angeiita kodi ya nyumba.

Na mwenye nyumba huyu hakutolei vyombo nje,
hubadilisha kufuli tu.
Mwaka jana tulichelewesha malipo siku kumi na moja.
Asubuhi Daktari Mundhir wa jiolojia akanijia juu,
makubadhi yakilia ngazini, kilemba kimelegea:
"Nilikuwa katikati ya makala. Katikati ya sentensi!"
Nikatazama rafu zangu. Hapana pengo, hapana vumbi.
Kitabu kilichoibwa huacha tundu,
na majirani zake huegemeana kama wafiwa.
Kilichokodiwa hakiachi kitu.

Lakini msinifanye mpenda karatasi.
Asila anasomea ukunga, yuko juu kule Wadi Bani Khalid,
saa nane usiku, mtoto kifuani, simu kiganjani,
na sura ya tano inamfikia bila basi, bila faini,
bila kumwomba mtu ruhusa.
Ningempelekea nini mimi? Kasha?

Basi natia saini zote mbili.
Zimebaki riale tisa.

Fomu ya kamati inauliza: Lugha?
Kiarabu. Kiingereza. Nyinginezo.
Nyinginezo ndiyo lugha ninayootea ndoto,
niliyofokewa nayo, nikabembelezwa nayo.
Ina rafu moja hapa, nyuma ya lifti,
vitabu thelathini na kimoja,
na kamati imekuja na hesabu yake: kamusi hii,
kwa miaka kumi na mmoja, imeazimwa mara mbili.
Iondolewe.

Mara ya kwanza ni mimi.
Ya pili sijui. Mashine ilibadilishwa, jina likapotea.
Ila ukurasa wa mia tatu na nne, ubavuni mwa neno tunu,
pana dole gumba la halua,
zafarani imekauka, mistari ya ngozi yote inasomeka.

Nimetia alama kwenye Nyinginezo.
Riale nane na baisa mia sita: nakala ya pili,
endapo atarudi
akakuta ile ya kwanza nimeiazima mimi.