Raba za Shamte

Daktari kasema sukari,
basi alfajiri nakimbia Ngezi
kwa raba za marehemu Shamte,
ncha zimeshindiliwa sufi.

Njia tambarare, haina hila.
Kijito kinakwenda ubavuni mwangu
wala hakihemi.

"Akufukuza nani, Bi Mize?"
Faki, baiskeli imesheheni muhogo.
Nampungia. Pumzi ya kujibu sina.

Juu, popo wamesharudi,
wananing'inia
kama nguo zilizosahauliwa kuanuliwa.

Kidarajani nasimama,
navua raba ya kushoto, natia mguu majini:
baridi mpaka kisogoni.
Shamte hakukimbia hata hatua moja maishani.
Raba zilikuwa za Idi.

Nafunga kamba, mafundo mawili.
Maji niliyoyakanyaga yameshanitangulia.
Nayafuata.