Jezi ya Mbeba Chupa

Kila Jumapili, soko la Ronse likiwa bado na umande,
natundika jezi zangu kambani kama nguo za ukoo
uliohama bila kuaga.
Wahenga walisema kipya kinyemi.
Hawakumwona kijana wa mjini, simu mpya mfukoni,
akinusa kwapa la jezi iliyoloweshwa jasho na mtu mwingine
kabla mama yake hajazaliwa.

Nazijua kwa vidole. Hii ya sufu, kola ya vifungo vitatu,
mifuko miwili kifuani: humo walitia viazi vya kuchemsha
na gazeti la kukinga upepo wa mteremkoni.
Baadaye mifuko ikahamia mgongoni,
ikaja nailoni inayometa kama magamba ya samaki,
rangi zikaanza kupiga kelele.
Baadaye tena jina halikushonwa, lilipigwa chapa,
likabanduka kwa kufuliwa mara kumi.
Mimi husema: penye sindano pana mtu.
Husema hivyo kwa sababu huongeza bei.

Ile ya buluu niliining'iniza juu, peke yake,
VERMAUT kifuani kwa herufi za manjano.
Vermaut walitengeneza friji. Kiwanda sasa ni maegesho ya magari,
na friji ya mwisho, nasikia, imo gereji kwa mtu,
inatunza chambo.
Nikaandika kwenye kadi: Jezi ya mshindi. Yuro mia tatu na themanini.
Mshindi gani, sikusema. Kizuri chajiuza;
kikisaidiwa kidogo, chajiuza haraka.

Akaja Wannes, miaka kumi na tisa, mwendesha baiskeli,
miguu kainyoa malaika yote,
pamoja na bibi yake, Godelieve,
aliyekuwa akitafuta kifuniko cha sufuria, si historia.
Kijana akasimama. Nakujua kusimama kule:
macho hupanda, mkono hushuka kwenye pochi.
"Bibi, tazama buluu hiyo. Siku hizi hawaitengenezi tena."
Bibi akaitwaa jezi, akaigeuza nje ndani,
kama daktari anayetaka kuona ulimi.
Akapitisha kidole gumba nyuma ya ile V.
"Hii yangu," akasema.
Nikadhani anadai ameibiwa.
"Mshono wangu. Meza ya nne, karibu na dirisha lisilofunga.
Kwenye ncha ya V nilirudia mara mbili,
maana hapo ndipo walipofutia pua."

Kisha akakuta kiraka cha kiwiko.
Akanyamaza.
"Na hii si ya mshindi, bwana.
Hii ya Remi Colpaert, mbeba chupa.
Alirudi nyuma hadi garini, akapakia saba, nane,
mgongoni, tumboni, humu humu,
akapanda kilima akiwa mjamzito wa maji ya wenzake.
Hakumaliza hata mbio tatu.
Mvua ikinyesha, sufu ililemea kama kondoo mzima,
rangi ikachuja, Remi akakaa wiki nzima na kifua cha buluu.
Hicho kifua nakijua," akasema,
na sentensi iliyobaki akaikunja, akaiweka.

Nikaing'oa kadi, nikaitia mfukoni.
Nikashusha: mia moja na hamsini.
Wannes akahesabu mia tatu na themanini, noti juu ya noti.

"Remi alilipwa kulivaa jina hilo," bibi akamwambia.
"Kidogo, tena kwa kuchelewa, lakini alilipwa.
Wewe unamlipa nani?"
Kijana hakujibu.
Mimi jibu langu hunijia wakati wa kukunja meza,
wateja wakiwa wameshaondoka:
jezi mpya inakuahidi utashinda.
Hii haiahidi kitu. Imekwisha kufika,
au imekwisha kushindwa, na bado ni nzuri.

Akaivaa palepale, juu ya fulana. Mikono ikamfupia.
Bibi akaivuta pindo kwa nyuma, mara mbili,
kama anayempeleka mtoto shule.
"Inawasha," kijana akasema, akijikuna shingo.
"Ndiyo," akasema Godelieve. "Ilikuwa ikiwasha."
Wakaenda kutafuta kifuniko.