La Kumi na Tisa

Karatasi ni nakala ya nakala,
wino umepauka kama chai ya mwisho wa mwezi.
Padri fulani, kando ya mto huko Amerika Kusini,
aliandika maneno thelathini na saba
ya lugha ambayo leo haina hata wa kuidai.
Maji. Moto. Jino. Muhogo. Njoo.
La kumi na tisa: chui, au pengine mjomba,
kisha alama ya kuuliza.
Chini kabisa: Mtu wangu amechoka. Kesho tutaendelea.
Kesho haimo.

Nimeileta Kaabong ndani ya bahasha ya eksirei
nimwonyeshe Napeyok, aelewe kwa nini namsumbua
kila Jumanne na kinasa sauti,
nusu kilo ya sukari, na tumbaku.
Lugha ya mlima wao amebaki nayo peke yake;
dada yake alizikwa na nusu ya mazungumzo.

Namsomea moja moja kwa ulimi wangu wa Kiteso.
Anatafuna, anatema, anauliza:
"Huyo mtu alikuwa akigombana na nani?"
Sijui, mama.
"Matusi yako wapi?"
Hayakuandikwa.
"Basi hamkuandika kitu.
Maji hata bubu huyaonyesha kwa kidole.
Tusi lataka wawili."

Nimezima mashine. Akaniamuru niiwashe.
Akajiweka sawa juu ya gunia la mtama,
akanipa neno refu, lenye kona,
linalohusu fisi, kisigino, na ukoo mzima wa mtu.
"Haya. Nitukane."

Nikamtukana. Nikameza silabi ya mwisho;
kumbe nimemwita kibuyu kipya.
Alicheka mpaka tumbaku ikamtoka,
akanisahihisha mara tatu, akanikazia macho,
akanijibu.
Jibu lile sikulielewa, naye hakulifasiri.
Miaka sita, alisema, hajamjibu mtu.

Usiku, gesti, taa ya sola ikizimika zimika,
nimejizoeza tusi langu mbele ya kioo
hadi jirani akagonga ukuta.
Kisha nimeifungua ile karatasi,
nikalijaribu la kumi na tisa. Si kwa sauti ya kusoma:
kwa sauti ya mtu aliyeketishwa juani tangu asubuhi
akiulizwa jino, akiulizwa moto.

Limekaa vizuri mdomoni.